Mtumishi Aliyepelekwa Likizo

Kisasi ni cha Mungu. Tunaimba hivyo kanisani, na mimi ndiye ninayeimba sauti ya pili. Lakini Mungu hakulala siku tano kwenye godoro kando ya tanuri la mkate, huko milima ya Atlas, huku wifi yangu akilala chumba cha juu chenye dirisha la kutazama theluji. Niliyelala ni mimi. Kwa hiyo kisasi hiki nilikichukua mwenyewe, na sitawadanganya kwamba najuta, ingawa kipande chake kimoja kinanichoma mpaka leo.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Alitoka Lubumbashi kabla yetu sote, akakaa Laeken, hapa Brussels, na sisi tulipofika ndiye aliyetuonyesha tramu ya kupanda na duka la kununua samaki wakavu. Nashukuru. Yeye husafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Mimi husafisha nyumba za watu wakati wenye nyumba wako kazini. Sioni haya kwa kazi yangu, choo nilichokisafisha mimi unaweza kukipigia picha. Nataka tu ieleweke tangu mwanzo kwamba sisi wawili tunashika ufagio uleule.

Tulisafiri pamoja kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa amepata mchumba, mtu wa Bukavu, na ndoa ya kimila ilipangwa mwezi wa tisa. Kwetu, mama hamtoi binti yake. Familia mbili zinakaa, moja upande huu na nyingine upande ule, mahari imewekwa katikati, ndipo shangazi anaingia chumba cha ndani, anamshika mtoto mkono, anamleta mbele ya watu na kumwuliza kama vitu hivyo vipokewe. Shangazi asipomtoa, hajatolewa. Na katika dada za mume wangu alikuwa amebaki huyu mmoja tu. Basi mimi na yeye tulikuwa hatusemezani vizuri tangu siku ya matanga fulani, nilipomwambia mbele ya kina mama kwamba sombe yake, majani yake ya muhogo, imezidi chumvi. Ilikuwa imezidi. Lakini kuna ukweli unaomezwa pamoja na sombe yenyewe, na mimi sikuumeza.

Binti yangu alikuja jikoni na uso wa kuomba.

"Maman, enda naye fasi moja, nyiye babili tu. Siku munarudia muko munacheka, mi ndoa yangu iko salama."

Jirani yetu wa ghorofa ya pili pale Schaerbeek ni Mmoroko. Kila mwezi wa saba mtaa wetu hubaki mtupu, magari yameondoka kwenda kwao na mizigo imefungwa juu mpaka unaogopa kupita karibu. Yeye ndiye aliyesema tusiishie mjini Marakeshi kama watalii wote. Tupande mlimani, kwa Waamazigh, wenyeji wa kale wa huko, kwenye kijiji cha upande wa mama yake, kuna familia inapokea wageni. Wifi akashika simu akapanga kila kitu. Nilimwachia. Yeye ni mkubwa, na anapenda kupanga.

Tulienda mwezi wa tano. Marakeshi tulikaa siku moja, jua kali, kuta nyekundu, juisi ya machungwa tukainywa tumesimama. Wifi alinunua kofia pana ya majani na miwani ya giza, akawa anatembea mbele. Mimi nilikuwa nyuma na mikoba miwili, wangu na wake. Kwetu humwachi wifi mkubwa abebe mzigo ilhali wewe una mikono mizima. Mama yangu angefufuka anichape. Alipokunywa chai nilimkoroga sukari, alipotaka kukaa nilimpangusia kiti. Nilikuwa namheshimu. Nilikuwa pia nainunua ndoa ya mwanangu, kijiko kimoja cha sukari baada ya kingine.

Kesho yake dereva akaja kutuchukua, mtu wa makamo, Mwamazigh wa kijiji kilekile, Kifaransa chake safi kuliko changu. Njiani tulisimama kwenye kibanda cha chai. Nilienda kutafuta choo, nikawaacha wifi na dereva wakizungumza. Niliporudi, dereva akamfungulia wifi mlango wa mbele, na mimi akanionyesha kiti kidogo cha nyuma kabisa, karibu na mizigo na kapu la vitunguu. Nikakaa. Nilijiambia kila nchi na gari lake.

Nyumba ile ilikuwa ya udongo, imebandikwa ubavuni mwa mlima, chini yake miti ya jozi na mfereji wa maji baridi. Mlangoni alisimama mama mzee mwenye chale za rangi kidevuni, na mkwe wake. Hawakujua Kifaransa, na Kiarabu chenyewe walikitumia kwa shida. Lugha yao ni ya mlimani. Wifi alipandishwa juu. Kule alitandikiwa zulia, akaletewa sinia la chai na mchuzi mzito wa lozi na asali wa kuchovya mkate. Mimi yule mzee alinishika mkono akaniingiza jikoni.

Mnicheke sasa, kwa sababu mimi mwenyewe nilifurahi. Nilijiambia: hawa watu wamenipenda! Wamemwona wifi, wakaniona mimi, wakajua nani wa kuketi naye karibu na moto. Yule mzee alinifundisha kubandika unga kwenye ukuta wa tanuri, na nilipoharibu alinipiga kofi la mkononi, tukacheka mpaka mkwe akaja kuangalia kuna nini. Hatukuwa na neno moja la pamoja. Usiku akanitandikia godoro palepale, akanifunika blanketi mbili kwa mikono yake, akasimama akinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Halafu nikafanya kosa ambalo ni sisi tu tungelifanya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimelelewa na methali hiyo kama wengine walivyolelewa na maziwa. Asubuhi ya siku ya tatu sikungoja kupewa: nilichukua ufagio nikafagia ua wote, nikaosha glasi za chai, nikachota maji mferejini. Wifi alikuwa darini na miwani yake. Akaniita kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikiwa na nyumba nzima, "Merci, ma chère!" yaani asante, mpenzi wangu, na akanipiga picha nimeinama. Nikampungia mkono. Nilimpungia mkono, watu wa Mungu!

Siku ya kuondoka, wifi alikuwa ndani akiaga. Mzee alinipa mikate minne ya moto imefungwa kitambaa, akanibusu kichwani. Dereva alikuwa anafunga mizigo, akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba bibi yangu ana moyo mzuri. Ameendesha watu wengi wa kutoka Ubelgiji, alisema, lakini hajawahi kuona mmoja aliyemleta mtumishi wake likizo.

"Mtumishi gani?" nikauliza.

Akanitazama. Kisha akafungua kamba iliyokuwa imeshafungwa, akaanza kuifunga tena. Nikarudia swali. Alisema, bila kuinua macho, kwamba wifi alimwambia pale kwenye chai, naye akapeleka habari nyumbani. Na kwamba yule mama mzee hakukubali kwanza nilale jikoni. Alisema mtumishi naye ni mgeni wa Mungu, chumba cha pili kipo. Wifi ndiye aliyejibu kwamba hakuna haja. Alisema nimezoea.

Neno lile. Mtumishi ningeweza kulimeza, kwa kuwa mchana kutwa ninatumika na silifichi. Lakini nimezoea! Nilitaka kurudi ndani nimvue ile kofia mbele ya wenyeji. Miguu ilikuwa imeshageuka. Ndipo nikakumbuka mwezi wa tisa, na mkono wa nani utamtoa mwanangu. Nikaingia kwenye kiti changu cha nyuma na mikate mapajani. Kwenye ndege wifi alisinzia kichwa chake kikiwa begani kwangu, na sikukisogeza.

Ningeweza hata kunyamaza moja kwa moja. Najiambia hivyo. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wifi alitoa simu akawazungusha kina mama wote ile picha. "Muone muke ya ndugu yangu! Hata vacances, siku ya likizo, iko anafagia. Donc iko mu damu!" Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimeshaanza kufikiria vitenge.

Mama wa bibi harusi ndiye anayegawa vitenge. Hapa Brussels kama kule Lubumbashi, ukiingia ukumbini unasoma watu kwa nguo: hawa ndio mama za mtoto, hawa ndio wa upande wa bwana, na hawa wenye kitenge cha aina nyingine ni protocole, yaani wale wanaokaribisha wageni, wanaobeba sahani, wanaookota chupa. Kwa familia nilichagua bluu yenye ua la dhahabu. Kwa protocole nilichagua ya kijani yenye vikapu vyeupe. Nilivichukua vyote Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, kwa fundi mmoja, na nikapeleka mwenyewe Laeken, kwa mikono miwili, kile cha wifi. Kijani.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "bengine bote batavala bluu. Hii ni ya shangazi peke yake, bantu bakuone."

Alikikunjua akakiweka kifuani mbele ya kioo. Alisema kinamkaa vizuri. Kilimkaa vizuri kweli, na hilo nalo liliniudhi. Uongo wangu ulipita kwa sababu ulikuwa na urefu uleule wa majivuno yake. Mume wangu sikumwambia. Binti yangu sikumwambia. Miezi mitatu nilikuwa nalala vizuri kuliko nilivyowahi kulala tangu nifike nchi hii.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi wetu ulikuwa Schaerbeek, juu ya gereji, meza zimepangwa, mahari katikati, upande wa Bukavu wamekaa na suti zao. Wasichana na kina mama wanane wa kijani walikuwa wanapita na vinywaji. Wifi akaingia amechelewa kama wakubwa wanavyochelewa, kilemba kirefu, ushanga, uso wa malkia. Kabla hajapiga hatua tatu, mzee mmoja wa upande wa bwana alivua koti lake akamwekea mikononi, bila kumtazama, akaendelea kuongea na jirani yake.

Wifi akalitazama lile koti. Akawatazama wasichana, mmoja mmoja. Kisha akanitafuta mimi na kunipata, nimekaa katikati ya mama za mtoto, bluu na dhahabu. Nikamwinamia kichwa kidogo tu. Sijawahi kula kitu kitamu kama dakika ile. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele zake, nilikuwa na majibu yote, na la mwisho lilikuwa neno moja: umezoea.

Hakupiga kelele. Alilitundika koti. Alienda kaunta akachukua sinia, akaanza kugawa soda, meza kwa meza, akiinama vizuri, akisema "Karibu, papa," "Karibu, maman." Waliomjua walianza kugusana viwiko. Mume wangu akanijia nyuma ya kiti.

"Umefanyia yaya yangu nini?"

"Muulize mambo ya Moroko," nikasema.

Hakumwuliza, kwa sababu msemaji wa familia yetu alikuwa amesimama, amepiga makofi. Alisema wageni wametoka mbali, vitu vimeonekana, sasa wanaomba kumwona mtoto. "Shangazi ya mutoto iko wapi?"

Vichwa viligeuka. Wifi alikuwa mlangoni mwa jiko na sinia lake.

"Shangazi haiko," akasema. "Tuko bantu ba protocole tu. Na protocole haitoshake mutoto inje."

Upande wa Bukavu walicheka, wakidhani ni ule mchezo wa kuchelewesha bibi harusi ili waongeze kitu. Msemaji akauliza tena. Wifi akajibu yaleyale, akaingia jikoni. Kicheko kikapungua meza kwa meza. Baba wa bwana harusi akaegemea sikio la kaka yake. Nilijua wanachosemezana, ningesemezana hicho hicho: familia isiyo na shangazi, au yenye shangazi anayekataa, inaficha kitu gani? Mume wangu hakunitazama. Chumba cha ndani mwanangu alikuwa amekaa juu ya mkeka, amefunikwa, anahesabu hatua za mtu ambaye haji.

Nikaenda jikoni.

"Yaya, mutoto iko anangoja."

"Iko anangoja. Na miye niko natumika. Si unaona kikwembe?"

"Unajua juu ya nini."

"Najua. Ule chauffeur wa gari alikuambiaka." Alikuwa anapangusa sinia ambalo halikuwa na uchafu. "Tangu mu ndege nilijuaka. Bega yako ilikuwa nguvu sawa ukuta."

"Basi sema. Sema kile ulisemaka kule."

"Nilisemaka we ni bonne yangu, mutumishi yangu. Bon, nimesema. Unafurahi?"

"Juu ya nini, Yaya?"

Aliliweka sinia chini. "Aliniuliza: ule mwenye kubeba sac yako ni nani? Miaka yote natosha poubelle, takataka za bantu, hakuna muntu alishafikiria niko na wa kunibebea. Nikaona, siku moja tu. Siku moja tu, nikaiacha vile."

"Na kusema nimezoea?"

Akaliokota lile sinia, akaanza kulipangusa tena. Kupitia ukuta tulisikia viti vikisukumwa nyuma, watu wakisimama. Nilingoja aseme pole. Nilikuwa tayari kuipokea hata ikija nusu, hata ikija kwa Kifaransa. Wifi akanyoosha kidole kwenye blauzi yangu ya bluu.

"Vula," akasema.

Tulibadilishana nguo kwenye stoo, katikati ya makreti ya bia, wanawake wawili wazima, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Blauzi yangu haikumtosha, akavaa yake ya kijani ndani, akajifunga kitenge changu kiunoni na cha pili akakitupia mabegani, akafunika kila kitu; nami nikajifunga vyake viwili vilevile, blauzi yangu ya bluu ikafichika. Akajitengeneza kilemba kwenye kioo cha simu. Akatoka. Nikasikia kelele za furaha, vigelegele vya kina mama, na msemaji akisema huyu sasa ndiye, huyu ndiye.

Niliposogea mlangoni mwa jiko nikiwa nimevaa vikapu vyeupe, wifi alikuwa ameshamshika mwanangu mkono. Alifanya kazi yake vizuri, siwezi kumnyima. Alimleta polepole, akamfunua, akamwuliza mara ya kwanza, mara ya pili. "Hivi vitu, tupokee?" Kabla ya kujibu mara ya tatu, binti yangu aliinua macho akanitafuta kwenye mstari wa mama zake. Alipita uso kwa uso. Alirudi mwanzo akapita tena. Aliponiona mwishoni, mlangoni mwa jiko, kwenye nguo ile, mdomo ulimtetemeka, na watu wote wakapiga makofi kwa kuwa bibi harusi anayelia ni bibi harusi mzuri. "Mupokee," akasema. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba alilisema akinitazama vile.

Chakula kikaanza. Nisingeweza kurudi kwenye kiti changu na kijani kile bila kueleza, na kueleza ningemweleza nani? Nikasimama. Yule mzee wa koti akaniinulia mkono kutoka meza kuu.

"Maman wa protocole, maji huku, tafadhali."

Nikaleta jagi. Wifi alikuwa amekaa karibu naye, kiti cha heshima, mwanangu upande wake wa pili ameinamia sahani. Neno moja lilitosha. Huyu ni mama wa mtoto. Nilimmiminia mzee taratibu ili nimpe wifi muda wa kulisema. Mzee akashukuru, akageuka kwake kwa adabu, akamwuliza kama huyu naye ni mtu wa familia.

Wifi akanitazama usoni. Kisha akanyoosha glasi yake na yeye.

Nikamimina. Glasi ikajaa hadi mdomoni, nami nikaendelea kumimina, maji yakashuka mkononi mwake, yakaingia kwenye bluu na ua la dhahabu, mapajani, mpaka jagi likaisha. Hakusogea. Mwanangu ndiye aliyeinuka.

"Mama!" aliniita, kwa nguvu, na meza nzima ikajua mimi ni nani.